Flashi ya Mama wa Maziwa

Siku ile barazani kwangu, hapa Kasongo, tulikuwepo hawa: mimi, dada mkubwa wa nyumba; mdogo wangu anayenifuata, mwenye pikipiki, ambaye hubeba watu na mizigo kati ya Kasongo na Kabambare; mjomba wetu katekista, ambaye kila Jumapili baada ya misa huja kwangu, hula, kisha husema hakuja kula; jirani yangu, mama Mwislamu ambaye ndiye mama wa maziwa wa mtoto wetu wa mwisho; na huyo mtoto wa mwisho mwenyewe, msichana, aliyekuwa ameshuka asubuhi kutoka Kabambare bila kumwambia mtu kwamba anakuja.

Nieleze kwanza habari ya maziwa. Mama yetu alipofariki, baba alikuwa amekwisha kumtangulia, na mtoto wa mwisho alikuwa hajaota jino. Jirani alikuwa na mtoto wake wa kiume wa kunyonyesha. Alikuja matanga yakiwa bado hayajaisha, akapita katikati ya watu bila kuuliza, akamchukua mtoto mikononi mwangu akasema, "Wangu huku, wako huku. Ziwa haliulizi dini." Tangu siku ile hadi mtoto alipoanza kula ugali, nilikuwa nikivuka ua naye mara nyingi kuliko nilivyokwenda kisimani. Mimi niliacha shule muhula uleule. Wadogo walisoma, nami nikalima mpunga na karanga, na sikuwahi kuona kwamba nilinyang'anywa kitu.

Mtoto huyo alikua akipenda vitu vyenye waya. Alisoma informatiki, elimu ya kompyuta, katika chuo kidogo cha hapa mjini, na alipomaliza mtaa mzima ukamwita "Enjenyeri", yaani mhandisi. Yeye alikuwa akicheka na kukataa, kisha akaacha kukataa. Redio ndogo ya wananchi kule Kabambare ilimchukua kwa majaribio hadi kiangazi. Kazi yake ilikuwa kutunza kompyuta inayopiga nyimbo na vipindi, pamoja na batri za jua na antena. Mkurugenzi alisema kiangazi kikifika ataamua kama anabaki.

Basi Jumapili ile nilikuwa nimepika wali na sombe, majani ya muhogo, yenye mawese mengi, kama anavyopenda. Hakula. Alikuwa akikusanya wali upande mmoja wa sahani, kisha upande mwingine.

"Enjenyeri anapima kiwanja," akasema mjomba. "Lete hiyo sahani, mimi nijenge."

"Chukua, Mjomba."

Hapo nilijua kuna jambo. Mtoto wetu hajawahi kumpa mtu sahani yake.

"Yaya," akaniambia, maana ndivyo kwetu wadogo wanavyomwita dada mkubwa, "mimi sirudi Kabambare."

"Wamekufukuza?"

"Bado. Hawajajua. Nataka niende Salamabila. Kule niko na rafiki mwenye kibanda, anajaza nyimbo mu simu za wachimbaji. Atanipa nafasi."

"Hawajajua nini?"

Alitueleza akiwa anatazama miguu yake. Redio ile ina kipindi kinachopendwa kuliko vyote, cha hadithi za jioni. Mwalimu mmoja mstaafu huzisimulia kwa Kibangubangu, kisha kwa Kiswahili, za sungura, za kobe, za binti aliyekataa wachumba. Walizirekodi msimu wote wa mvua, jioni kwa jioni, maana Mwalimu ni mtu wa zamani na hasimulii hadithi mchana. Kwetu husemwa kwamba anayesimulia jua likiwaka huiletea nyumba yake njaa. Zote zilikuwa ndani ya kompyuta ile, na nakala yake katika diski ya pembeni.

Siku moja mtu fulani, hakutaka kusema nani, alimletea flashi yenye picha za arusi, akamwomba amtolee picha hizo, kwa sababu kwenye simu zilikataa kufunguka. Akaichomeka. Kesho yake asubuhi hadithi hazikuonekana. Mahali pa kila moja palibaki alama ndogo tupu, na ukiigusa haisemi kitu. Akaitazama ile diski ya nakala. Nayo vilevile, kwa sababu diski hiyo ilikaa imechomekwa asubuhi hadi jioni, kama kupe kwenye mbwa.

"Nikaogopa, Yaya. Nikasema, kabla Papa Direkta hajaingia, nisafishe kila kitu. Nikaformati mashini. Nikaformati na diski. Nikaweka programu upya, nikajaza nyimbo, ikaanza kupiga. Akija ananiuliza, hadithi iko wapi, nasema, niko natengeneza. Kesho tena, niko natengeneza. Jana akaniambia Jumatano anataka kusikia hadithi hewani. Ndiyo nikapanda pikipiki saa ileile, nikalala njiani."

Mdogo wangu wa pikipiki alikohoa. Mama wa maziwa akasogea karibu na mtoto.

"Hiyo flashi," akauliza, "ilikuwa ya rangi gani?"

"Mama, achana na hiyo."

"Nimekuuliza rangi, mutoto yangu."

"Sikumbuki."

Mama alifungua fundo la kitenge chake kiunoni. Humo huweka ufunguo, karafuu za kutafuna na kila kitu asichotaka kipotee. Akatoa flashi nyekundu, akaiweka mkekani mbele ya mtoto.

"Ilikuwa inafanana na hii?"

Mtoto alianza kulia. Hakuna aliyehitaji jibu. Picha zilikuwa za arusi ya yule kijana aliyenyonya naye ziwa moja, ambaye sasa yuko Salamabila. Flashi ilikuwa imepita katika vibanda vyote vya video vya machimbo kabla ya kumfikia mama, na mama hakuweza kungoja. Alipanda pikipiki ya mdogo wangu hadi Kabambare ili amwone mkwe wake mpya akiwa na shela.

"Mimi ndiye nilimubeba," akasema mdogo wangu, kama mtu anayejitaja kwenye orodha ya washitakiwa.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Mtoto wetu alijua flashi za machimboni ni chafu. Angekuja mkuu wa wilaya na flashi yake, angemwambia asubiri kwanza. Lakini nani atamwambia mama aliyemnyonyesha, ngoja kwanza nitazame kama chako ni safi? Ni kama kumwambia akaoge ndipo akukumbatie. Sisi tuliolelewa na watu wengi tuna ugonjwa huo. Kila mlango wa mtaa ulitupa kikombe cha mchele, kwa hiyo kila mlango una haki ya mikono yetu. Mwaka mzima kabla ya Kabambare mtoto huyu alitengeneza simu za mtaa bila kusema hapana hata mara moja, na mimi niliona ni adabu. Ni adabu kweli. Ila kompyuta ya redio haikuwa mikono yake.

Mjomba alikuwa wa kwanza kupata shauri.

"Radi," akasema. "Sema ni radi. Kabambare radi inapiga kila siku. Nani atakwenda kuuliza mawinguni?"

Mama wa maziwa akamgeukia. "Katekista, leo asubuhi ulisoma somo gani pale kanisani?"

"Mama, mimi natafuta njia ya kumusaidia mutoto."

"Hata shetani alikuwa anatafuta njia."

Tulicheka, hata mtoto mwenyewe alicheka na machozi yake. Kisha nikasema tutaondoka alfajiri.

"Yaya, nitawaambia nini?"

"Hayohayo uliyotuambia sisi."

"Watanifukuza."

"Wakikufukuza, utakuwa umefukuzwa. Utarudi hapa, utalima na mimi, kisha tutaona. Lakini huwezi kuwa mutu aliyekimbia. Salamabila si mbali. Habari itafika kabla yako."

Sikusema hivyo kwa sababu nilikuwa na uhakika. Nilisema kwa sababu wadogo zangu hunitazama usoni kabla ya kuogopa.

Mama wa maziwa alitangaza kwamba naye anakwenda. Mdogo wangu alimwita rafiki yake mwenye pikipiki ya pili. Njiani tope lilikuwa limeiva, na kwenye daraja la miti tulishuka, wanaume wakasukuma, sisi tukabeba viatu. Mama alivuka akisoma dua kwa sauti, na kila gogo lilipoteleza dua ilipanda juu. Mtoto alikaa kati yangu na mdogo wangu. Nilisikia moyo wake mgongoni mwake, kama alipokuwa mdogo, nilipokuwa nikimlaza kifuani.

Tulifika Kabambare alasiri. Redio ni nyumba ya matofali yenye vyumba viwili na antena iliyofungwa kwa nyaya. Mkurugenzi alikuwa nje na Mwalimu wa hadithi, wakinywa chai. Alipotuona wote, na tope letu, akasimama.

"Kuna musiba?"

"Papa Direkta," akasema mtoto, "mashini haiko sawa. Inapiga nyimbo, lakini hadithi zimekwisha. Nilizifuta mimi mwenyewe."

Akaeleza yote, isipokuwa flashi ni ya nani. Alisema tu, flashi ya mtu. Mama wa maziwa akasogea mbele, akasema, "Mutu huyo ni mimi," kisha akarudi nyuma, akafunga kitenge chake vizuri.

Mwalimu alikuwa ameshika kikombe chake kwa mikono miwili.

"Zote?"

"Zote, Mwalimu."

"Hata ya kobe na mkwe wake?"

"Hata hiyo."

Alivua kofia, akaitazama ndani kama vile mojawapo ingekuwa imebaki humo. "Kuzisimulia upya ni msimu mwingine mzima wa mvua," akasema.

Mkurugenzi hakupiga kelele. Alimpigia simu fundi mmoja wa Kasongo, aliyemfundisha mtoto chuoni, akaiweka simu sauti ya juu ili sote tusikie. Fundi alisikiliza, akauliza maswali mafupi, kisha akatoa pumzi ndefu.

"Ah, mutoto yangu. Zilikuwa hazijapotea. Kirusi cha namna hiyo kinaficha tu. Kinaweka alama tupu juu, na kitu chenyewe kiko palepale chini. Ungeniita, kwa robo saa tungezitoa zote."

"Na sasa?"

"Ukishaformati, na ukajaza nyimbo juu? Sasa ni vigumu. Usiniulize vigumu namna gani."

Nilimwona mtoto wetu akikaa chini, si kwenye kiti, chini kabisa. Uchungu wa kupoteza alikuwa amekwisha kuuzoea. Huu ulikuwa mwingine: hadithi zilikuwa zipo, zimejificha, zikimngoja, naye akazifuta kwa mikono yake kwa sababu ya kuona aibu kusema sijui. Mtu anayeitwa Enjenyeri na mtaa mzima atapiga simu kuuliza? Ndivyo alivyoniambia baadaye.

"Nisikilize," mkurugenzi akamwambia. "Kitu kinaweza kupotea mu mikono ya kila mutu. Hata mimi nilipoteza pikipiki ya redio mu mto, watu wote hapa wanajua. Lakini kila asubuhi nilikuuliza, na wewe ukaniambia, niko natengeneza. Mutu anayeniambia anatengeneza wakati hatengenezi kitu, nitamwachia redio namna gani?"

Mtoto aliinua uso. Nilitaka kumjibia. Midomo yangu ilikwisha kufunguka, na mdogo wangu akanikanyaga mguu.

"Watu wanazo," mtoto akasema.

"Wanazo nini?"

"Hadithi. Sokoni nazisikia mu simu zao. Walikuwa wanazirekodi kwa redio, wengine wanapeana kwa kadi. Nipe mikro niseme hewani, Papa. Nitawaomba."

"Utasema sababu?"

"Nitasema."

Mkurugenzi alimtazama Mwalimu, Mwalimu akavaa kofia yake. "Hadi Jumamosi," mkurugenzi akasema. "Kama zikirudi za kutosha kufanya kipindi, unabaki. Kama hazirudi, kila mutu na njia yake, bila ubaya."

Jioni ile nilisikiliza nikiwa uani, kwenye redio ndogo ya mlinzi. Mtoto wetu aliwasalimu wasikilizaji kwanza. Alisema yeye ndiye fundi wa redio, kwamba amefuta hadithi za Mwalimu kwa haraka na kwa woga, na kwamba mwenye hadithi yoyote katika simu yake ailete, hata kama imekatika, hata kama ina kelele. Mama wa maziwa alikuwa akisikiliza amefumba macho. "Anasema vizuri," akasema. "Hajakosa hata neno." Kama vile mtoto alikuwa akisoma sura ya Kurani.

Kesho yake watu walikuja. Walikuja kucheka pia, nisidanganye. Kijana mmoja alisimama mlangoni akasema, "Fundi, niko na simu imekufa, unaweza kuiformati?" Wenzake wakaangua kicheko. Mtoto akamjibu, "Leta, lakini uage kwanza picha za mchumba wako." Tangu hapo walimwacha.

Mama mmoja muuza ndizi alikuwa na hadithi ya sungura ambayo ndani yake mtoto wake analia tangu mwanzo hadi mwisho, na mahali sungura anapodanganya, mtoto ananyamaza. Mwendesha pikipiki mmoja alikuwa na nne nzuri kabisa. Mzee mmoja kutoka shamba alitembea na simu isiyo na kadi wala hadithi, akasema amekuja kusimulia mwenyewe kwa mdomo hadithi moja aliyokuwa ameisikia mara mbili. Tulimpa chai. Alisubiri hadi jua lizame.

Mama wa maziwa alijiweka mlangoni na kigoda. Fundi wa Kasongo alikuwa amemwambia mtoto atafute kompyuta ya zamani isiyounganishwa na kitu chochote, ili kila flashi na kila kadi ipite huko kwanza na kupewa dawa. Mama alilishika neno hilo kuliko sisi wote. Hakuna mtu aliyemruka.

"Hii imeoga?"

"Mama, ni safi, ni yangu mwenyewe."

"Hata yangu ilikuwa yangu mwenyewe. Pita kule, ioge."

Nilipomwona pale, mama aliyemnyonyesha mtoto wetu, akiwafundisha watu neno ngoja kwanza, nilijua kwamba mtoto hatakuwa tena na shida ya kulisema neno hilo. Mama amelisema kwa niaba yake mbele ya Kabambare nzima. Hata yule mwanawe wa Salamabila alipopiga simu kuuliza kama picha zake zilionekana, alimjibu, "Zilionekana. Na mkwe ni muzuri. Lakini flashi yako iko na kuhara."

Jumamosi kipindi kilipigwa. Mbuzi walisikika ndani ya hadithi, na mvua, na mtu anayeuliza chumvi iko wapi, na juu ya yote sauti ya Mwalimu. Mkurugenzi alimwambia mtoto wetu kwamba anabaki. Alimwambia pia aache kuchapa kwenye karatasi zake neno enjenyeri, aandike fundi wa redio. Hilo alilikubali kwa furaha iliyonishangaza.

Siku hizi vijana wa mtaa wanaojifunza kazi ya kompyuta huja kwangu kuniuliza habari zake, wakidhani nitawaeleza mambo ya mashini. Mashini siijui. Najua tu kwamba sasa nakala moja ya vipindi vya redio haikai tena Kabambare. Mdogo wangu huileta kwa pikipiki, nami naiweka ndani ya kopo lenye mchele, juu ya kabati, na mjomba amekatazwa kuligusa. Najua pia kwamba mtoto wetu, kitu kikimshinda, hutoka nje akampigia simu yule fundi wa Kasongo mbele za watu na kusema kwa sauti, "Mwalimu wangu, hapa sijui." Najua anajifunza bado, kila likizo anarudi chuoni kuketi na wale walio nyuma yake. Wakiniuliza zaidi, nawapa karanga.

Lakini si hadithi zote zilirudi. Ya kobe na mkwe wake hakuna aliyekuwa nayo, wala ya binti aliyezaliwa ndani ya kibuyu, wala ile ndefu ya ndugu wawili na mto. Mwalimu anaikumbuka ya kobe nusu tu, maana zote tatu alizipokea kwa shangazi yake aliyeko Lusangi, akazisimulia alipokuwa ametoka tu kwake, na zile mbili nyingine zimekwisha kumtoka. Bibi huyo hasimulii mchana, wala hasimulii wakati wa kupanda, na akisikia neno mikro hufunika uso kwa kitenge. Mtoto wetu alikwenda kumwona na kinasa sauti. Bibi alimpokea vizuri, akampa mayai, akamsikiliza, kisha akamwambia arudi mavuno yakiisha, aje bila haraka, na alale.

Mavuno yaliisha, mvua zikawahi, njia ya Lusangi ikakatika. Mwalimu haulizi kwa hasira, wala hamuulizi mtoto uso kwa uso. Kila mara mdogo wangu wa pikipiki anapopita Kabambare, humsimamisha barabarani, humwomba ampelekee mtoto salamu redioni, na humwambia amkumbushe kwamba amebakiza tatu.